Ndani ya Gari Hakuna Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimefeli. Mimi! Dereva wa gari la wagonjwa, hospitali ya wilaya, miaka ishirini na sita. Nimebeba wajawazito, waliovunjika, waliozimia, na siku moja mheshimiwa mmoja aliyekuwa anaharisha. Sijawahi kumwaga hata mmoja. Leo nimepewa mtu mmoja tu, mzima wa afya, mwenye kalamu na ubao wa kuandikia, nikafeli naye.

Tena ningefeli kwa jambo la maana, nisingelalamika. Nimefeli kwa sababu ya neno.

Kwetu mzunguko wa barabara tunauita kiplefti. Waingereza walituachia, likaota mizizi, na ndani yake mna amri: shika kushoto. Hapa wanashika kulia. Najua wanashika kulia! Wiki mbili nzima nimekuwa nikijikaririsha kitandani: kulia, kulia, kulia. Barabara iliyonyooka sina shida nayo. Lakini mkaguzi wa mtihani wa udereva aliponielekeza kwenye ule mzunguko ulio mbele ya duka la magodoro, kichwa kikasema "kiplefti", na mikono ikatii. Nikaingia kushoto. Uso kwa uso na lori la maziwa.

Mkaguzi hakupiga hata kelele. Gari lao lina breki ya pili upande wake. Akaikanyaga, akashusha pumzi, akaandika. Nikamwambia kwa ile lugha yao ninayookoteza kwamba samahani, kosa ni la neno. Akauliza neno gani. Nikaona maelezo yatachukua mchana kutwa, nikaacha.

Marudio ni Alhamisi tarehe 27. Nikikosa hiyo, nafasi nyingine ni Juni.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Aibu inachosha.

Jumatano, 5 Machi

Niandike mambo yalivyo, nisije nikaanza kujidanganya.

Binti yangu ana mimba ya miezi minane, na ana presha. Daktari amesema alalie ubavu, asisimame jikoni, na aonekane kliniki mara mbili kwa wiki. Sasa, na hata baada ya kujifungua, yeye na mtoto. Kliniki iko hospitali kuu, mjini. Basi la huku pembeni linapita asubuhi na jioni, na siku nyingine linaamua kutopita. Anayempeleka ni mume wake. Mume wake ni fundi katika kiwanda cha milango, na kila akiomba ruhusa, msimamizi anavimba. Wiki iliyopita kamwambia waziwazi: ruhusa zimekwisha, achague milango au kliniki.

Ndiyo maana nikaitwa. "Mama njoo, wewe si dereva?" Nikapanda ndege kichwa kimevimba. Nikashuka nikaambiwa leseni yangu hapa ni picha nzuri tu.

Kwa hiyo hesabu ni fupi. Nikifaulu tarehe 27, kijana anabaki na kazi na binti anafika kwa daktari. Nikifeli, kimoja kati ya hivyo viwili kinaanguka. Na kazi ikianguka, nyumba inafuata.

Hadi siku hiyo nina kibali cha mwanafunzi. Mwanafunzi, na mvi hizi! Nyuma ya gari wamebandika alama nyekundu, kubwa kama sahani ya chakula, ili kila anayenifuata ajue ajilinde. Na sheria yao haina mjadala: pembeni yangu akae mtu mwenye leseni ya hapa. Nikikutwa peke yangu nimeshika usukani, hata kama ni kulitoa gari getini, sifanyi mtihani mwaka mzima.

Binti hana leseni. Mtoto wa dereva, hata kuwasha gari hajui. Hilo nalo ni kosa langu.

Basi aliyebaki ni mkwe.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mazoezi ya kwanza na mkwe. Mungu atusamehe sote wawili.

Kijana huyu ana adabu mpaka inatia huruma. Tangu amwoe binti yangu hatujawahi kukaa wawili peke yetu. Nikiingia sebuleni anasimama; nikikaa anakumbuka kitu alichosahau nje. Macho yangu hajayatazama, nadhani anayajua kwa picha. Sasa serikali ya watu imetufunga mikanda, bega kwa bega, kwenye kigari kidogo kama kabati. Alijibana mlangoni mpaka nikaogopa mlango utafunguka.

Nilianza vizuri. Yaani niliwasha gari. Kisha nikataka kupinda, nikawasha indiketa, zikaanza waipa. Jua kali, waipa zinapiga kelele kwenye kioo kikavu. Vijiti vya hapa vimebadilishana mikono! Nikazima waipa, nikawasha taa kubwa, nikapiga na honi.

Yeye anatazama nje, kama hakuona.

Tukafika kwenye taa za barabarani. Nikamsikia anakohoa.

"Mama... samahani... shikamoo."

Alikuwa ameniamkia nyumbani, na tena mlangoni. "Marahaba, mwanangu."

"Samahani tena, mama. Kama hutajali... ile taa iliyokuwa pale mbele... mimi naona kama ilikuwa..."

"Ilikuwa nini?"

"Nyekundu, mama."

Kweli ilikuwa. Tulishaipita, na waliotupigia honi tulishawaacha nyuma. Heshima yake ni ndefu kuliko mwendo wangu. Akimaliza kuomba radhi, ajali imekwishatokea na polisi wameondoka.

Nimempa jina: Bwana Samahani.

Jumapili, 9 Machi

Nimegundua ugonjwa wangu. Nimezoea kupishwa!

Miaka ishirini na sita nilikuwa nikiwasha king'ora, barabara inafunguka. Malori yanajitupa pembeni, pikipiki zinaingia mitaroni. Nikajiona dereva hodari. Kumbe hodari walikuwa wale waliokuwa wanakimbia! Hapa hakuna anayekimbia. Kila mtu kwenye mstari wake, anangoja zamu, ametulia kana kwamba nyumbani hakuna anayemsubiri. Taa nyekundu, barabara tupu, hakuna hata paka — na wamesimama. Mimi mguu unawasha.

Na honi. Kwetu honi ni salamu, ni asante, ni "nipo nyuma yako mama, usije ukarudi kinyumenyume". Jana nilimpigia jirani, yule mzee anayemwagilia maua. Viwili vidogo, vya upendo. Leo amekuja mlangoni na mpira wake wa maji mkononi, kumuuliza binti kwa upole amenikosea nini. Hapa kumbe honi ni tusi. Nimemtukana mzee wa watu katikati ya maua yake, tena mara mbili.

Binti amecheka mpaka nikamwambia alalie ubavu.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa barabara ya shule, jioni, mkwe katoka kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mbele kuna zebra. Kwetu zebra ni mapambo. Mwenye miguu anangoja, mwenye gari anapita. Hata mtoto mdogo anajua. Hapa mtu akiweka kidole cha mguu kwenye ukingo wa njia, magari yote yanasimama kama kapita mfalme. Hili nilikuwa nimelisoma. Nimeandikiwa, nimechorewa.

Mwanamke akashuka barabarani na kigari cha mtoto. Hakutazama hata kushoto wala kulia. Aliniamini! Na mimi nikamwamini yeye, kwamba atangoja. Mguu ukabaki kwenye mafuta.

"SIMAMA WEWE!"

Na kofi kwenye dashibodi.

Nikasimama. Kigari kilipita mbele ya boneti. Niliona soksi za mtoto, moja imechomoka nusu. Mama yake akanipungia mkono wa asante. Asante! Alidhani nimemsimamia.

Wewe. Kaniambia wewe. Mkwe, mama mkwe, wewe. Nyuma yetu wakaanza kupiga tusi lao la honi, nikaondoa gari. Tulipofika nyumbani hakungoja. Alifungua mlango kabla sijazima injini, akaingia gereji. Chakula cha jioni kakila hukohuko, amekaa juu ya tairi.

Mimi chumbani, nimekaa kitandani. Sijakasirika. Ningemuua mtoto wa watu, na wa kwetu hajazaliwa. Ndicho ninachokiona kila nikifumba macho — ile soksi.

Jumatano, 12 Machi

Mkwe katoka kabla sijaamka. Karudi, kapita dirisha la jikoni akiwa ameinama. Binti anasema usiku mzima hakulala, anajiita mtu asiye na kwao. Nimemwambia binti amwambie yameisha. Binti amekwenda kumwambia, akarudi: mumewe anasema mama anasema hivyo kwa wema tu.

Mazoezi hakuna. Nani atakaa na nani?

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimepigiwa simu na mshenga.

Mshenga! Yule aliyekuja kumposa binti yangu miaka minne iliyopita. Simu ya picha. Nikafungua nikiwa na vitunguu mkononi, nikamkuta amevaa koti na kofia, ameketi wima, na pembeni yake mjomba wa mkwe, naye koti, uso wa msibani. Nyuma yao wamefunika televisheni kwa kitambaa. Nikajua leo ni leo. Nikaweka vitunguu chini, nikajifunga mtandio.

Mshenga alizunguka. Akaulizia afya, safari, hali ya hewa, afya tena. Kisha akasema kwamba wamepokea habari kwa masikitiko makubwa. Kijana wao ametamka neno ndani ya gari. Hawatalirudia, linawachoma mdomo. Wamekaa kikao. Wanaomba nitaje faini yoyote, wao watalipa, wasije wakaonekana walimlea porini.

Jamani. Mtu kaokoa kichanga barabarani, ukoo mzima umevaa makoti kwenye joto.

Nikasema ninayo faini.

Wakasogea mbele ya simu wote wawili.

Nikasema faini yangu ni kwamba kijana aendelee kunipigia kelele. Kila siku, mpaka tarehe 27. Na asianze na samahani.

Mjomba akamwinamia mshenga akanong'ona: mtandao umeganda? Nikarudia. Nikawaeleza zebra, kigari, soksi, mtihani, msimamizi wa milango. Nikawaambia heshima yake inatuua. Inaanza kuongea tukiwa tumeshafika. Mjomba alicheka kwanza, akajifanya anakohoa. Mshenga hakucheka. Yeye ni mtu wa kazi yake, akataka mambo yawekwe sawa. Neno "simama" — ruhusa. "Wewe" — akasita sana — ruhusa, ila milango ikiwa imefungwa. "Mjinga"? Nikasema mjinga hapana, hata mimi nina mipaka. Kupiga dashibodi? Ruhusa, gari ni lake.

Mwisho akatoa hukumu, mkono juu: ndani ya gari hakuna mkwe. Kuna dereva na mwalimu. Mlango ukifunguliwa, kila mtu arudi kwenye cheo chake.

Mkwe alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza. Niliona viatu vyake.

Jumamosi, 15 Machi

Alifungua mlango wa gari. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaingia. Akafunga mlango. Akafunga mkanda. Akatazama mbele.

"Dereva," akasema. "Vioo."

Nikatazama vioo!

Nilidhani itamchukua siku kadhaa kuzoea. Ilimchukua mtaa mmoja. "Dereva, waipa za nini, kuna mvua gani?" "Dereva, hiyo ni taa, siyo pambo." "Wewe! Yule mzee kaweka mguu barabarani, unamwona au unamhurumia?" Lo! Kumbe kijana ana sauti. Miaka minne ameiweka akiba. Nilipandwa na hasira mara mbili, nikakumbuka niliomba mwenyewe, tena kwa kikao.

Kwenye mzunguko wa duka la magodoro nikafa ganzi. Akaniambia nizunguke eneo la maegesho kwanza, nipumue. Kisha akauliza sisi kwetu tunaitaje. Nikasema si unajua, kiplefti. Akafikiri.

"Hii siyo kiplefti, dereva. Hii ni kipraiti. Sema."

"Kipraiti."

"Tena."

Nimesema kipraiti mpaka ulimi ukapinda. Tukaingia. Kulia! Tukazunguka mara sita, mimi naimba kipraiti, kipraiti, yeye anapiga dashibodi kufuata mdundo. Lori la maziwa likapita, tukalipisha.

Nyumbani akazima kila kitu, akazunguka, akanifungulia mlango. "Pole na safari, mama." Macho chini.

Jumatano, 19 Machi

Leo nastahili sifa. Nimesimama kwenye zebra zote. Moja nimemsimamia njiwa. Alivuka polepole, hakunipungia mkono. Waliokuwa nyuma yangu walivumilia, wakaona ile alama nyekundu wakaelewa.

Mwalimu kasema: "Dereva, njiwa ana mabawa."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Waipa halali!

Jumapili, 23 Machi

Leo nimejifunza jambo ambalo halihusu barabara, au labda linahusu.

Tulikuwa kwenye taa, ile ya karibu na ghala la matairi, ndefu kuliko zote. Nimekaa tu, mguu kwenye breki, siwashwi tena. Mwalimu alikuwa ameikodolea macho dashibodi. Nikadhani anatafuta kosa.

Akasema, "Dereva, mimi naogopa."

Hakugeuka. Akasema akiwa kiwandani anashika randa lakini anasikia simu inaita hata isipoita. Mama yake alifariki akimzaa mdogo wake, kwa presha hiyohiyo. Yeye alikuwa darasa la pili. Hajamwambia mke wake. Ataambiwaje mtu mwenye tumbo? Msimamizi akimfukuza ataona ni bora. Ila akifukuzwa watakula nini.

Mambo haya mkwe hamwambii mama mkwe. Hata iweje. Angekuwa sebuleni angekumbuka kitu alichosahau nje. Na mimi, mama mkwe, ningekuwa na maneno ya kumfariji, ya kikubwa, yale ya kumtuliza mtu asiendelee kusema. Lakini kwenye gari nilikuwa dereva.

"Hata mimi naogopa," nikamwambia. Na ni kweli. Naogopa tangu uwanja wa ndege. Huko nyumbani nilibeba mabinti wa watu wenye presha na sikuogopa, kwa sababu hawakuwa wangu na nilikuwa na barabara yote.

Taa ikawaka kijani. Tukakaa. Wa nyuma akatutukana kidogo.

"Dereva, kijani."

"Nimeiona."

Jumanne, 25 Machi

Naandika kwenye gari. Kiti cha dereva. Daftari liko juu ya usukani, mwandiko huu umepinda, nisijicheke baadaye. Au nijicheke.

Asubuhi saa nne binti aliniita kutoka bafuni. Sauti ya chini, ile wanayotumia wakiwa hawataki kutisha watu. Chupa ya uzazi imepasuka. Mapema, lakini ndiyo hivyo. Kichwa kinamuuma na anaona nyota. Nyota nazijua. Nimebeba wengi waliokuwa wanaziona.

Tukapiga simu ya dharura. Wakasema gari lipo, lakini limetoka kwa ajali ya barabara kuu, tungoje kama dakika arobaini. Mimi! Ningoje gari la wagonjwa!

Bahati mkwe zamu yake ilikuwa ya mchana. Alitoka na ufunguo, ukaanguka. Akauokota, ukaanguka. Mara ya tatu nikautia mguu juu.

"Kaa pembeni," nikasema.

Binti nyuma, amelala ubavu, mito mitatu. Mkwe akafunga mlango. Hakusema vioo. Nikavitazama mwenyewe.

Niliendesha vizuri. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuliona. Indiketa, siyo waipa. Kipraiti nikaingia kulia bila kuimba. Binti nyuma anagumia, meno kayakaza. Kwenye ghala la matairi, nyekundu. Barabara tupu pande zote. Nikasimama.

"Pita," akasema mkwe.

Sikupita.

"Pita! Mama, hakuna mtu! Pita wewe!"

Mguu wangu wote ulikuwa unataka. Miaka ishirini na sita ilikuwa inataka. Lakini pale pembeni ya ghala pana kona kipofu, na mimi sina king'ora; nina alama nyekundu ya mwanafunzi na binti yangu nyuma. Anayekuja kwa kijani yake haniogopi, haniamini, hanijui. Nikasema, "Dereva ni mimi." Akaficha uso kwenye viganja. Lori la magogo likatokea konani mbio, likapita mbele yetu, gari letu likatikisika. Kisha kijani. Nikaondoa gari.

Hospitali nikanyoosha moja kwa moja mpaka mlango wa dharura, chini ya paa, nikarudi kinyumenyume mpaka sentimita ya mwisho. Wakatoka na kitanda cha magurudumu. Binti akanishika kidole, akaachia. Mkwe akaruka akawafuata, mlango wake akauacha wazi. Nikaufunga. Nikakaa, nikasikia amani ya kazi iliyokwisha.

Mpaka mlinzi alipogonga kioo.

Akasema hapa si mahali pa magari ya watu. Ni pa gari la wagonjwa. Nikatazama chini: mistari ya njano, maandishi makubwa, yote. Nimeegesha mahali pangu. Sikufikiri hata kidogo — mlango wa dharura, kinyumenyume, mimi.

Akasema nisogeze. Nikamwonyesha kiti kitupu cha pembeni, na ile alama ya nyuma, na kibali. Akaelewa. Akajikuna shingo. Nikamuuliza yeye ana leseni? Anayo, ya pikipiki. Tukajaribu kulisukuma, pana mwinuko, likasogea kama kiatu kimoja likarudi. Akaingia ndani kutafuta mtu mwenye leseni ya gari. Wote waliomo humo ama wamevaa glovu ama wamelala.

Akatoka mbio. Redio yake begani inaongea. Wanaleta majeruhi wa barabara kuu, wako karibu na daraja, yuko mmoja anayevuja damu. Mlango huu ndio wenye paa na lifti. Hakuna mwingine.

Kesho kutwa ni mtihani. Kamera iko juu ya mlango, inanitazama usoni. Nikiondoa gari hili hatua kumi peke yangu, basi. Hakuna Alhamisi, hakuna Juni. Kliniki, milango, nyumba. Nimeyaandika yote kwenye daftari hilihili kwa mkono wangu.

Nimempigia mkwe. Imeita, ikapokelewa. Hakuna aliyesema haloo. Naona imejipokea yenyewe mfukoni. Nasikia viatu, nasikia vyuma, nasikia binti yangu — anapiga kelele sasa, hajizuii tena. Nimeweka sauti kubwa, nimeilaza simu kwenye kiti chake.

King'ora kimepita daraja. Kinapanda. Dereva wake amebadili gia mapema. Ana haraka kweli.

Injini nimewasha. Mkanda. Vioo vyote vitatu. Mlinzi amesimama mbele, mkono juu, hajui kama anizuie au aniongoze.

Simu inaongea. Sauti ya mkwe, ileile ya kwenye gari, hakuna samahani hata moja: "Taratibu... taratibu... usikaze. Niko hapa pembeni. Sasa! Sasa! Twende, usiogope, twende!"

Sijui kati yetu anamwambia nani.

Indiketa. Kulia —